Makhan Singh na Nairobi Mbili

Tarehe 30 Machi 1950 mji wa Nairobi ulipandishwa daraja. Duke wa Gloucester, nduguye Mfalme George wa Sita, alikuja kutoka Uingereza akiwa na hati ya kifalme iliyoutangaza mji huo kuwa jiji. Bendera zilipepea, bendi zikapiga, na wakubwa wa serikali wakavaa kofia zao za manyoya. Lakini katika mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni palikuwa na watu waliokataa kusherehekea, na kukataa kwao hakukuwa kwa bahati. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilikuwa limewataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Nairobi zilikuwa mbili, moja ya matajiri na nyingine ya maskini, na iliyokuwa ikipewa hati ilikuwa ile ya kwanza. Mtu aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho hilo alikuwa Singasinga mwenye kilemba, mpiga chapa kwa kazi, mshairi kwa kipaji, na wakati huo alikuwa amebakiza siku 46 tu za uhuru wake.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya mtu huyo, Makhan Singh. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili limshughulikie mwanaharakati aliyetunga mashairi yake kwa Kipunjabi na kuandika historia yake kwa Kiingereza. Swali hilo niliulizwa pia katika semina, na mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akadhani nazungumzia mchezaji wa kriketi. Jibu langu ni kwamba sisi tunaohakiki riwaya na tamthilia za Kiswahili zilizojaa migomo, mabepari na makuli tumezoea kuwajua wafanyakazi wa kubuni kuliko wale waliopata kuishi. Tunaijua migomo ya jukwaani. Ule wa Nairobi wa mwaka 1950 wengi wetu hatukupata kuusikia.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika jimbo la Punjab. India wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza kama ilivyokuwa Kenya. Babake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1920 kufanya kazi katika reli, na baadaye akaiacha na kuanzisha kiwanda cha kupiga chapa jijini. Mwanawe alimfuata mwaka 1927 akiwa na umri wa miaka 13, pamoja na mamake. Nairobi aliyoikuta ilikuwa bado na jeraha. Miaka mitano tu nyuma, Machi 1922, askari walikuwa wameufyatulia risasi umati uliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa, hatua chache kutoka mahali ambapo leo kuna madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana huyu aliingizwa katika shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, na mwaka 1931 akafaulu mtihani wa kuingilia chuo uliotungwa London. Chuoni hakwenda. Pesa hazikuwapo, naye akaingia katika kiwanda cha baba.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo chuo chake kilipokuwa. Katika zama zile mpiga chapa aliunda kila neno kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, akizipanga kinyumenyume ili zisomeke zikishagandamizwa kwenye karatasi. Mtu wa kazi hiyo hupitiwa na maandishi ya kila aina: matangazo ya maduka, kadi za harusi, malalamiko ya vyama. Pia hujua gharama ya neno. Makhan Singh alikuwa tayari anajulikana miongoni mwa Wapunjabi wa Nairobi kwa mashairi yake, na sasa alikuwa na chombo cha kuyafikisha maneno kwa watu wasiofika kwenye mikutano. Vikaratasi ambavyo chama chake kilikuja kuvigawa mitaani vilichapwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Mwenye kutafiti Kiswahili cha mijini kabla ya uhuru angefanya vyema kuanzia kwenye vikaratasi kama hivyo badala ya kuanzia kwenye vitabu vya shule.

Ili kuelewa kilichofuata, yafaa tukumbuke jinsi kazi ilivyokuwa katika koloni la Kenya. Mishahara ilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata pale kazi ilipokuwa ileile. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake iliyoonyesha nani alimwajiri na kwa kiasi gani, na mara nyingi aliivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu. Alikuwa mhalifu, na angeweza kufungwa. Mpangilio huo wa ngazi tatu ulikuwa na manufaa makubwa kwa wenye mali. Fundi wa Kihindi alimwona kibarua wa Kiafrika kuwa tishio kwa mshahara wake, naye kibarua alimwona fundi kuwa kibaraka wa bwana. Kila mmoja alikuwa na sababu.

Mwaka 1934 mafundi wa Kihindi jijini Nairobi waliunda chama chao cha wafanyakazi. Machi 1935 walimchagua Makhan Singh, akiwa na umri wa miaka 21, awe katibu wao bila malipo. Mwezi uliofuata jina la chama lilibadilishwa. Neno lililotaja Uhindi liliondolewa, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi wa Kenya bila kujali kabila, dini wala rangi. Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Shule zilikuwa za rangi, hospitali zilikuwa za rangi, hata vyoo vilikuwa vya rangi, na hapa chama cha mafundi wachache kilisema kwamba mfanyakazi ni mfanyakazi. Hata hivyo, uaminifu wa kihistoria unatudai tuseme jambo jingine: katika miaka hiyo ya kwanza Waafrika waliojiunga walikuwa wachache. Kufungua mlango si sawa na kumleta mgeni ndani ya nyumba. Waafrika walikuwa na vyama vyao, madai yao ya ardhi, na mashaka yao kuhusu Wahindi, mashaka yaliyojengeka dukani, mahali ambapo wengi wao waliwajua.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Neno bepari, ambalo sisi katika uhakiki wetu tunalitumia kwa mtu mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine, lilitufikia kutoka lugha za Kihindi, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara tu. Msemaji wa Kiswahili alimtazama mchuuzi wa Kihindi, akachukua jina ambalo mchuuzi huyo alijiita, na baadaye neno lilelile likawa silaha ya nadharia. Kwa hiyo katika msamiati wetu Mhindi amesimama upande mmoja wa pambano, kana kwamba hakupata kuwako Mhindi seremala, Mhindi mwashi, Mhindi mshona viatu. Maisha ya Makhan Singh ni pingamizi dhidi ya neno hilo. Sisemi tuliache. Nasema tukumbuke lilikotoka.

Kwanza chama kilidai siku ya kazi isizidi saa nane, na katika kampeni ya mwaka 1936 waajiri wengi wakakubali. Kisha likaja pambano la mwaka 1937. Mafundi wa Nairobi, wengi wao Wahindi wa kazi za ujenzi, walidai nyongeza ya mshahara na kugoma. Mgomo huo ulidumu siku 62. Anayejua maisha ya mtu anayelipwa kwa siku ataelewa maana ya hesabu hiyo: miezi miwili ya kodi ya nyumba isiyolipwa, ya deni dukani, ya watoto wanaoulizia chakula. Mwishowe waajiri walikubali nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22. Chama kilipata sifa iliyovuka mipaka ya Kenya, kikabadili jina tena na kuwa cha Afrika Mashariki nzima, na mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya kusajili vyama vya wafanyakazi. Sheria hiyo ilikuwa na nyuso mbili. Ilikiri kwamba vyama vina haki ya kuwako, na papo hapo ikamkabidhi msajili ufunguo wa kuvifungia nje. Makhan Singh aliufahamu uso wa kwanza mwaka 1937, chama chake kiliposajiliwa. Uso wa pili angekutana nao miaka 12 baadaye.

Kufikia mwaka 1939 ile hali ya wachache ilikuwa imeanza kubadilika. Viongozi wa Kikuyu Central Association walikuwa wameingia katika kamati ya chama, na Agosti mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Desemba Makhan Singh alisafiri kwenda India kwa nia ya kujifunza jinsi vyama vya huko vinavyoendeshwa. Hakujua kwamba safari hiyo ingemchukua karibu miaka minane. Alijiunga na harakati za wafanyakazi wa viwanda na za uhuru, na Mei 1940 Waingereza wakamkamata. Alizuiliwa bila kesi kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akaamriwa asitoke kijijini kwao hadi mapema mwaka 1945. Alipoachiliwa alifanya kazi Lahore katika gazeti la chama cha kikomunisti. Ukomunisti wake haukuwa wa kusingiziwa na maadui, kama baadhi ya wanaomtetea wanavyopenda kutuaminisha. Aliukubali waziwazi maisha yake yote.

Alirejea Kenya Agosti 1947. Mwezi huo una uchungu wake wa pekee katika maisha haya, kwani ndio mwezi ambao India iligawanywa na Gujranwala ikaangukia upande wa Pakistan. Singasinga wengi wa wilaya hiyo walihama wakiacha kila kitu. Alikozaliwa kukawa nchi ya kigeni wakati uleule aliposhuka bandarini Mombasa. Na hapa alipofika, serikali ilimwambia kwamba si mwenyeji. Alitangazwa kuwa mhamiaji asiyetakiwa na kuamriwa kuondoka. Alikataa, akaenda mahakamani, akathibitisha kwamba makao yake ni Kenya, na jaribio la kumfukuza likashindwa. Ningependa wanafunzi wenzangu wanaoandika tasnifu kuhusu utambulisho na uhamisho waitafakari hali hiyo: mtu ambaye kwao kwa kwanza kumefutwa ramanini, na kwao kwa pili kunamfungulia mashtaka.

Kenya aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa nyumbani, walikuwa wamegoma pamoja, na kiongozi wao, Chege Kibachia, alizuiliwa mwezi uleule wa Agosti na kupelekwa Baringo. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeujaza mji wa Nairobi watu wasio na pa kulala. Bei zilipanda, mishahara ikabaki palepale. Wafanyakazi wa Kiafrika hawakungoja tena kualikwa katika chama cha mtu. Walikuwa wakiunda vyao wenyewe, madereva wa teksi na malori wakiwa mstari wa mbele. Miongoni mwa viongozi hao alikuwa Fred Kubai, kijana wa mjini aliyewajua madereva kwa majina na mitaa kwa vichochoro. Tarehe 1 Mei 1949, Siku ya Wafanyakazi, vyama kadhaa viliungana na kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Kubai alikuwa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Ndani yake walikuwamo madereva, wapiga chapa, washona viatu na washona nguo.

Ushirikiano wa wawili hawa ndio ninaouona kuwa kiini cha maisha yote haya, na nasikitika kwamba waandishi wengi huupita upesi. Kubai alikuwa na watu. Makhan Singh alikuwa na utaratibu. Mmoja aliweza kuuondoa umati nyumbani, mwingine aliweza kuandika kumbukumbu za mkutano, barua kwa msajili, na orodha ya madai isiyoacha mwanya. Miaka 14 baada ya lile jina la Kihindi kufutwa kwenye kibao, mlango uliokuwa wazi ulipata watu wa kuupitia. Serikali ilielewa hatari hiyo haraka kuliko wanahistoria wengi walivyoielewa. Shirikisho liliomba kusajiliwa, na likanyimwa.

Ndipo tunarudi kwenye sherehe za jiji. Kususia kulikuwa na sababu zaidi ya moja. Kulikuwa na hofu kwamba jiji likipanuka litameza mashamba ya Waafrika yaliyolizunguka. Kulikuwa na sheria ndogondogo za baraza la mji zilizowabana madereva wa teksi na wachuuzi. Kulikuwa na misako ya usiku, polisi wakigonga milango Pumwani kutafuta wasio na vibali vya kukaa mjini. Kwa mtu anayeishi katika hali hiyo, hati ya kifalme ilikuwa mzaha. Ususiaji ulizifanya bendera zile zionekane zikipepea upande mmoja tu wa mji.

Wiki tatu hivi baadaye, tarehe 23 Aprili 1950, Kenya African Union na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni kupinga mipango ya walowezi ya kujiongezea mamlaka. Viongozi wengi waliohudhuria walikuwa wakidai viti zaidi katika baraza la kutunga sheria, marekebisho, usawa wa hatua kwa hatua. Makhan Singh alisimama na kupendekeza azimio kwamba suluhu pekee ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Leo neno hilo tumelizoea hata limechuja. Mwaka 1950 kulisema hadharani, katika mkutano, kwa njia ya azimio rasmi, kulikuwa kuvuka mto ambao wengine walikuwa bado wanaupima kina. Nimepata kufika Kaloleni. Ni mtaa wa nyumba ndogo na miti mikubwa, na ukumbi ungalipo. Kijana niliyemkuta nje aliniambia ni mahali pazuri pa kukodi kwa harusi.

Tarehe 15 Mei 1950 Kubai na Makhan Singh walikamatwa na kushtakiwa kwa kuwa maofisa wa chama kisichosajiliwa, chama kilekile ambacho serikali ilikuwa imekataa kukisajili. Kesho yake Nairobi iligoma. Madai yalikuwa yaleyale yaliyokuwa yakisemwa kwa mwaka mzima: viongozi hao waachiliwe pamoja na Kibachia, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, sheria zinazowabana madereva wa teksi ziondolewe, misako ya usiku ikome, na Afrika Mashariki iwe huru. Kilichonivutia katika orodha hii ni jinsi teksi na uhuru vilivyokaa pamoja bila aibu. Msomi angevitenganisha: hili ni dai la kiuchumi, lile ni la kisiasa. Dereva aliyenyimwa leseni na afisa wa kikoloni hakuhitaji kutenganisha.

Mgomo ulidumu siku tisa. Serikali ilijibu kwa gesi ya kutoa machozi, magari ya deraya na ndege za kivita zilizoruka juu ya mitaa, na watu kwa mamia wakakamatwa. Kwa hesabu ya Makhan Singh mwenyewe, wafanyakazi zaidi ya 100,000 walishiriki wakati mmoja au mwingine, kwani mgomo ulisambaa kutoka Nairobi hadi miji mingine, Mombasa ikiwamo. Tukumbuke kwamba hiyo ni hesabu ya mhusika. Hata tukiipunguza, hapakuwa kumetokea mgomo mpana kiasi hicho katika nchi hii. Katibu mkuu hakuuona. Alikuwa ndani.

Serikali haikuridhika na faini na mashtaka madogo. Iliomba amri ya kumzuilia Makhan Singh kwa muda usiojulikana, na shauri hilo likasikizwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, yuleyule ambaye miaka miwili baadaye angeketi Kapenguria kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano, Kubai akiwa mmoja wao. Makhan Singh alijitetea kwa njia ambayo wakili yeyote angemkataza. Alikiri kuwa ni mkomunisti. Alikana kwamba Uingereza ilikuwa na haki ya kuitawala Kenya, na alikana hilo mbele ya jaji aliyekuwa amekalia kiti cha Uingereza. Je, ulikuwa ujasiri au ukaidi? Nimelisumbukia swali hili. Kwa upande mmoja, kukiri kwake kuliwapa watawala silaha waliyoitaka: wangeweza sasa kuliita vuguvugu lote la wafanyakazi kuwa ni njama ya kikomunisti, na wanasiasa wa kadiri, Waafrika na Wahindi, wakapata kisingizio cha kujitenga naye. Kwa upande mwingine, hakuna ushahidi kwamba angenyamaza angeachwa. Kubai, ambaye hakutoa hotuba ya namna hiyo, naye aliishia kifungoni. Naegemea kuamini kwamba Makhan Singh alijua kesi ilikuwa imeamuliwa, akachagua kumbukumbu za mahakama ziwe kikaratasi chake cha mwisho.

Juni 1950 alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Baadaye alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Mkewe, Satwant Kaur, alibaki Nairobi na watoto, akiilea familia ambayo baba yake alijulikana kwa barua. Vita vya Mau Mau vilianza na kumalizika, hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960, maelfu ya wafungwa wakaingia na kutoka kambini, naye bado alikuwa huko. Kenyatta mwenyewe aliachiliwa Agosti 1961. Makhan Singh alingoja hadi Oktoba. Kati ya Mei 1940 na Oktoba 1961 ni miaka 21 na ushei. Tukijumlisha India na Kenya, katika muda wote huo alikuwa mtu huru kwa miaka mitano hivi. Kila kitu nilichokisimulia kuhusu Kubai, sherehe za jiji, Kaloleni na azimio la uhuru kilitendeka ndani ya miaka hiyo mitano.

Kuhusu miaka yake baada ya uhuru pana machache ya kusimulia, na uchache huo ndio habari yenyewe. Alipotoka alijiunga na KANU na kurudi katika chama cha wafanyakazi wa chapa. Lakini uwanja ulikuwa na wenyewe. Vuguvugu la wafanyakazi lilikuwa limejengwa upya chini ya Tom Mboya, likiwa na marafiki Uingereza na Marekani, nalo halikuwa na nafasi kwa katibu wa zamani aliyekuwa mkomunisti. Mwaka 1965 mambo mawili yalitokea yaliyoonyesha upepo unavuma wapi: Februari, Pio Gama Pinto, mwanaharakati mwingine wa asili ya Kihindi aliyesimama upande wa maskini, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, na baadaye mwaka huohuo vyama vyote viliwekwa chini ya shirikisho moja, COTU, lililokuwa chini ya jicho la serikali. Makhan Singh hakupewa wadhifa wowote wa maana katika taifa alilolidai kabla ya wengi. Simsikii akilalamika popote. Kimya chake kimewafanya baadhi yetu tudhani alikuwa ameridhika, nami sina uhakika kwamba tunapaswa kukisoma hivyo.

Alichokifanya ni kuandika. Mwaka 1969 East African Publishing House ilichapisha historia yake ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi mwaka 1952. Ni kitabu kikavu, na msomaji anayetafuta hisia atakata tamaa. Mshairi wa ujanani haonekani. Mikutano inatajwa kwa tarehe, maazimio yanaorodheshwa, wanakamati wanapewa majina yao, hata wale waliohudhuria mara moja tu. Mwandishi anajitaja kwa nafsi ya tatu, Makhan Singh alifanya hili, Makhan Singh alikamatwa, kana kwamba anamzungumzia mtu aliyepata kumjua zamani. Mwanzoni nililiona hili kuwa udhaifu wa kisanaa. Sasa nalisoma tofauti. Mtu ambaye maisha yake yalivunjwa na maneno ya wengine, msaliti, mchochezi, mhamiaji, aliamua kuacha nyuma yake maandishi ambayo kila sentensi inaweza kukaguliwa. Na wale washona viatu na madereva, ambao hakuna gazeti la wakati huo lililojali kuwataja, wamepata majina katika kitabu hicho.

Alifariki kwa mshtuko wa moyo Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59, katika wiki ileile ya mwaka ambayo mgomo wa 1950 ulianza. Aliacha mswada wa juzuu ya pili, inayohusu miaka ya 1952 hadi 1956. Profesa Bethwell Ogot aliuhariri, ukachapishwa mwaka 1980. Juzuu hiyo inasimulia misako, kufungwa kwa vyama, na kuinuka kwa viongozi wapya katika jiji ambalo mwandishi wake, kwa miaka yote hiyo minne, hakuruhusiwa kulikanyaga.